Chakula cha Opereta: Miguu Juu, Kichwa Chini

Wiki iliyopita tulimwacha stelingi, shujaa wa picha, akiungua uso. Hakuchomwa na adui, alichomwa na mashine. Mkanda ulikwama, taa ikautafuna, na watu waliojaa Sinema Nyota ya Ziwa wakaona shavu la stelingi linatoka malengelenge, linakuwa kahawia, linatoboka. Halafu pazia likabaki jeupe.

"Opereta!" ukumbi mzima ukalia. "Luhendeee!"

Wewe uliyeazima gazeti kwa jirani na hujui tulikotoka, sikiliza upesi, maana watu wamekaa gizani. Mzee Luhende ndiye opereta, yaani mwonyesha picha, enzi zile Mwanza nzima ilipokuwa inapiga pasi nguo kwenda sinema. Sinema ikafungwa, vibanda umiza vya video vikaota kila mtaa, mashine zikafunikwa maturubai. Sasa binti mmoja, Precious, mwenye moto wa ujana na simu mbili, amemwomba mwenye jengo, Mzee Fatehali, sinema ifunguliwe tena na Luhende awafundishe vijana ufundi wake.

Lakini funguo siku hizi anazishika Dolat, binti wa Fatehali, na Dolat hapendi kumbukumbu zinazokula umeme. Akaweka sharti. Jumapili hii alasiri ionyeshwe picha moja ya zamani, kwa mashine zile zile. Ikifika mwisho, Precious anapewa ukumbi. Isipofika, jengo linauzwa kwa Machibya wa Mabatini aweke mchele, na Luhende na mkewe Wilhelmina wanahama chumba cha uani walichokaa tangu Luhende aajiriwe.

Na siri tunaijua mimi na wewe na mke na mume. Luhende hajui kuendesha mashine. Hajawahi kujua.

Wilhelmina ndiye anayejua. Baba yake alikuwa opereta Musoma, na yeye alikulia karibu na mashine kama wengine wanavyokulia karibu na jiko. Aliposikia Nyota ya Ziwa inatafuta opereta, akamtuma mumewe akaombe, kwa sababu Fatehali wa siku zile alikuwa amesema mwanamke hapandi kibandani kwenye mashine. Luhende akapata kazi. Wiki ya kwanza tu taa ya kaboni ikamnyoa nyusi, naye akaapa hairudii tena. Basi kila picha ilipokaribia kuanza Wilhelmina akawa anapanda ngazi na hotpoti ya ugali, mlango unafungwa kwa ndani, na baada ya muda Luhende anateremka kwa mlango wa nyuma kwenda kukaa kiti cha kona, kutafuna njugu na kuangalia masumbwi.

Mji ukamsifu mwanamke. Kinamama wakaambiwa kanisani: mtazameni Wilhelmina, mumewe akiwa kazini chakula hakichelewi. Maharusi wangapi wa Igogo walihubiriwa ile hotpoti!

Yote hayo Wilhelmina aliyavumilia. Lakini jana usiku Luhende kahojiwa redioni. Akaulizwa, mzee, na mkeo alikusaidiaje katika ufundi huu? Akacheka kicheko cha watu wakubwa. "Mke wangu? Ah, yule alikuwa ananiletea ugali tu."

Hilo "tu" ndilo lililoiweka hotpoti kabatini. Jumapili Wilhelmina akavaa kitenge kipya, akakata tiketi kama mtu yeyote, akakaa safu ya tatu na mikono mitupu.

Haya, sasa turudi gizani.

"Opereta! Rudisha picha ama rudisha hela!"

Dolat alisimama ukutani, simu sikioni. Hakuonekana kuwa na msiba. "Machibya, wewe njoo tu," alisema. "Hapa kumeshaungua."

Precious alipita katikati ya magoti ya watu mpaka safu ya tatu, akachuchumaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, hotpoti iko wapi?"

"Nyumbani."

"Jamani! Babu aliniambia opereta hafanyi kazi na njaa. Mikono inatetemeka."

"Inatetemeka, ndiyo."

"Basi mpelekee hata haya." Akamwekea mapajani mfuko wa maandazi. "Nakuomba bibi. Yule dada ameshampigia mtu wa mchele."

Wilhelmina akayatazama maandazi. Picha ikifia hapa, Luhende ataumbuka, na wazo hilo lilikuwa tamu, tusidanganyane. Lakini ikifia hapa, kesho zile mashine mbili zitalala chini ya magunia, na yeye atakuwa barabarani na godoro lake. Alikuja kumwona mumewe akianguka. Kuzika mashine hakukuwa katika hesabu zake, na roho ilimuuma alipoliona hilo.

Akainuka na mfuko wake.

"Huyo!" wanaume wakapiga makofi. "Mke mwema huyo! Chakula kinapanda, sasa picha itakaa sawa!"

Walisema kweli bila kujua walichosema, jambo ambalo kwa wanaume wa mji huu si geni.

Juu ngazini Wilhelmina akagonga.

"Nani?" sauti ikatoka ndani, nyembamba.

"Ugali tu."

Komeo likavutwa. Moshi ukatoka kwanza, Luhende akafuata. Mkanda wa filamu ulikuwa umemzunguka shingo, ukapita kwapani, ukamfunga kiunoni, na mwisho wake ulikuwa umeng'ang'ania kifungo cha koti la suti alilolinunua kwa ajili ya siku hiyo.

"Mke wangu! Mungu mkubwa!" Luhende na herufi r waligombana tangu utoto, na mpaka leo hawajapatana. "Jana kwenye jalibio si ulikuwa umeshaipanga yote? Nikawasha nimefumba macho, ikaenda vizuli kabisa. Halafu sijui ikaona nini!"

"Ilikuona wewe."

Akamfungua mkanda taratibu, si kwa huruma ya mume, kwa huruma ya mkanda.

"Hotpoti iko wapi?" Luhende akauliza.

"Nyumbani."

"Sasa mimi nitakula nini?"

Msomaji, nikuache hapo kidogo utukane, kisha tuendelee. Wilhelmina akampa maandazi.

"Basi nishuke kama zamani?" mzee akauliza kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa mahabusu.

"Shuka kama zamani."

"Na picha ikiisha napanda, natokeza pale kidilishani nawapungia mkono."

"Ikiisha utapanda."

"Mke wangu, wewe ni dhahabu."

"Kona ile ile, Luhende. Usikae kwingine."

"Nikae kwingine wapi? Ile ndiyo ofisi yangu!" Akateremka ngazi za nyuma na mfuko wake, mwepesi kuliko umri wake.

Wilhelmina akafunga komeo, akapandisha kitenge, akaanza kazi. Akakata kipande kilichoungua. Akagusisha ukingo wa mkanda mdomoni, kwa maana upande unaonata mdomoni ndio wenye picha, na opereta anayepeleka mkono kwenye taa ya dari kutafuta upande huyo bado ni mwanafunzi. Akapaka gundi, akabana, akapuliza. Akaupitisha mkanda kwenye meno ya mashine huku anatazama kwingine kabisa. Akavisogeza vijiti vya kaboni vya taa mpaka vikabusiana vikawaka, akasikiliza. Mashine ikaimba sauti aliyoitaka.

Picha hii ameionyesha mpaka amesahau mara ngapi, na hadi leo hajui nani anamwoa nani. Opereta wa kweli hatazami hadithi. Anasikiliza mashine, anatazama weupe wa mwanga na kona ya pazia. Kulia na kucheka ni kazi ya waliokata tiketi.

Stelingi akarudi paziani, shavu zima.

"Luhende! Luhende! Luhende!" ukumbi ukaimba, na miguu ikapiga sakafu.

Sauti ile ilipanda hadi kibandani kupitia kidirisha ambacho kioo chake kilivunjika zamani. Wilhelmina aliizoea. Picha ikienda vizuri, ilikuwa ya Luhende. Na picha ikienda vibaya? Hapo palikuwa na jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kila mkanda ulipokatika, tusi la kwanza lilitoka kona ya chini, na sauti ilikuwa ya mtu anayelala naye kitanda kimoja. Mwanzoni Luhende alimtukana opereta ili asishukiwe. Baadaye tusi likamnogea. Mwisho likawa ugonjwa, mdomo unafunguka wenyewe kabla kichwa hakijauliza. Kila wiki alimtukana mkewe mbele ya mji mzima, kisha anarudi nyumbani anauliza maji ya kuoga yako wapi.

Wilhelmina akashika kigurudumu kidogo kinachoipanga picha katika fremu yake. Akakizungusha nusu.

Pazia likagawanyika. Miguu ya stelingi ikawa juu inatembea, kichwa chake kikawa chini kinaongea na mpenzi wake aliyekatika kiunoni.

Kisha akakunja mikono, akasubiri.

Ukumbi ukaguna. Precious akaziba uso kwa viganja. Lakini hakuna aliyepiga kelele, maana watu walishaanza kumhurumia mzee na njaa yake. Picha ikaenda hivyo hivyo, miguu juu, kichwa chini, mpaka ikawa aibu kuitazama.

"Opeleta!"

Ilitoka kona.

"Opeleta wewe! Unaonyesha picha ama umefungua bucha? Stelingi umemning'iniza kama mbuzi!"

Hakuna sikio la Mwanza lisiloijua sauti ile, hasa baada ya redio. Vichwa vikageuka safu kwa safu. Tochi za simu zikawaka. Na pale konani, kasimama nusu, kidole kimenyooka kuelekea kibandani, andazi limejaa shavu moja, alikuwa opereta mwenyewe.

Nyuma yake, juu, mashine ilikuwa inanguruma.

Antoni, mwalimu wa Butimba aliyekaa safu ya mbele yake, akamuuliza kwa adabu zote. "Mzee, shikamoo. Unamtukana nani?"

Luhende akameza. Andazi lilikuwa kubwa. "Malahaba. Mimi... nimeshuka kukagua kutokea huku."

"Na mashine umemwachia nani?"

"Inajiendesha. Ile ni ya Kijelumani."

Pale pale picha ikarudi sawa. Kichwa juu, miguu chini.

"Kweli," Antoni akasema. "Na imekusikia."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Watu walikumbatiana. Mzee mmoja wa Igogo alikaa chini sakafuni kabisa. Lakini Ng'washi, mama aliyekuwa akiuza njugu pale mlangoni tangu enzi hizo, hakucheka. Alisimama na kushika kichwa.

"Hotpoti!" akalia. "Jamani, ile hotpoti! Ugali gani ule wa kuliwa picha nzima?"

Ikawa kama mtu kawasha taa. Mwanamke alimtazama mwanamke. Wale waliohubiriwa kanisani wakageuka kutazama juu kidirishani, na mkono wenye ukucha uliopauka kwa moto ukaonekana ukirekebisha mwanga. Wakaanza kupiga vigelegele.

Dolat hakupiga. Alitembea mpaka mbele, alipokaa baba yake na fimbo yake.

"Baba, huyu mtu ametudanganya maisha yote. Simamisha hii picha. Jengo liuzwe leo leo."

"Kaa chini, Dolat," Mzee Fatehali akasema. "Hakunidanganya. Mimi nilijua."

Vigelegele vikafa.

"Ulijua nini, mzee?" Precious akauliza.

"Kwamba opereta ni yule mama. Nilijua mwezi ule ule wa kwanza. Luhende alikuwa anakaa kona ile bila tiketi. Mtu akae kwangu bila tiketi, mimi nisimwone?"

Watu wakacheka, na kicheko kikamnogea mzee wa watu, akaendelea mahali ambapo mwenye busara angenyamaza.

"Na picha zinafika mwisho! Nikasema, Fatehali, funga mdomo wako. Umepata watu wawili kwa mshahara wa mmoja."

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, nao wakaona haya katikati.

"Sasa kwa nini hukumwandika yeye?" Precious akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Siku zile? Watu wangesema nini? Na yeye hakulalamika hata siku moja. Alikuwa na furaha yake. Mama mwema sana."

Nimekwambia kioo cha kidirisha kilivunjika. Kila neno lilipanda.

Uongo wa Luhende Wilhelmina aliujua, aliolewa nao. Huu hakuujua. Miaka yote ile alipanda ngazi na moyo wake unadunda, anaogopa Fatehali asigundue akawafukuza. Aliungua vidole akavificha chini ya kitenge kanisani. Alipata homa akapanda. Alizika mama yake Musoma asubuhi, akasafiri, jioni akapanda. Na mtu aliyekuwa akimwogopa alikuwa amekaa ofisini, anajua, anafurahia bei. Uchungu ulimjia mpaka akashindwa kuona vizuri.

Lakini kona ya pazia aliiona. Juu kulia, doa jeusi likapita mara moja. Wewe uliyekata tiketi hulioni doa lile, limewekwa kwa ajili ya opereta peke yake. Rili, gurudumu la mkanda, inakaribia kwisha. Doa la kwanza, unawasha mashine ya pili. Wilhelmina akaiwasha, ikaanza kuzunguka. Doa la pili, unafunga hii unafungua ile, na ukumbi haujui kama kuna kitu kilibadilishwa.

Tangu ajifunze kazi hajawahi kulikosa doa la pili.

Likaja. Akaliona vizuri kabisa. Akauacha mkono wake ulipokuwa.

Pazia likawa jeupe. Mkanda ukawa unapigapiga mwisho wake, pa pa pa, na chini hakuna aliyethubutu kuita. Hata kona ilinyamaza.

Wilhelmina akazima mashine zote mbili. Akafungua lenzi ya kwanza, akafungua ya pili, yale macho ya mashine ambayo bila hayo mwanga ni mwanga tu, akazifunga kwenye mkia wa kitenge chake kipya zikiwa bado za moto. Akafungua komeo. Hakushika ngazi za nyuma. Alishuka zile za mbele, akapita katikati ya ukumbi.

Luhende akamkimbilia. "Mke wangu, lili ya tatu!"

"Iko kwenye mashine ya pili. Si wewe opereta? Panda."

Mzee Fatehali akajiinua kwa fimbo. "Wilhelmina. Hizo lenzi ni mali ya sinema."

"Za sinema Luhende alizidondosha wiki ya kwanza, siku aliyonyolewa nyusi. Hizi ni za baba yangu, alizileta mwenyewe kutoka Musoma ili usigundue." Akamtazama. "Au na hilo ulilijua?"

Fatehali akakwepa macho yake. Alilijua.

"Njoo ofisini tuzungumze," akasema.

"Hapa hapa. Waliosikia ulivyopata faida wasikie na hili. Waambie opereta wako alikuwa nani. Mtaje jina, ukisema nitapanda nimalizie picha."

Ukumbi ukangoja. Precious aliunganisha viganja kama mtu anayesali. Lilikuwa neno moja tu, na picha ingefika mwisho, na mchele ungetafuta kwingine. Mzee Fatehali akamtazama binti yake, akamtazama Luhende, akaitazama fimbo yake kana kwamba jina limeandikwa pale.

"Ofisini," akasema.

Wilhelmina akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. Mlangoni jua la ziwani lilimpiga machoni. Gari jeupe lilikuwa limesimama mbele ya ngazi, injini inaunguruma, na mtu mnene mwenye kofia alikuwa anateremka na kalamu tayari mfukoni mwa shati. Alikuwa Machibya.

"Shikamoo mama. Nimeitwa haraka, naambiwa hii sinema inauzwa."

"Marahaba," Wilhelmina akasema, akalisogeza fundo la kitenge kwapani. "Kinachouzwa ni jengo. Sinema ninayo mimi."

Nyuma yake Precious alikuwa ametoka mbio, na kinamama wakamfuata, na nyuma ya kinamama ikasikika fimbo ya Fatehali ikigonga sementi kwa haraka. Machibya aliutazama umati ule wote, akalitazama lile fundo. Kisha akainama ndani ya gari, akazima injini, kama mtu ambaye haraka imemtoka.